Kamera Haijafa: Tafuta Tatizo Kabla ya Kumtafuta Fundi

Msimu wa mahafali ukikaribia, swali moja huzunguka sana hosteli na kwenye vimbweta: "Jamani, nani anamjua fundi wa kamera?" Anayeuliza huwa ameshika kamera ya kuazima, au ya klabu, au ya mkono wa pili aliyojibana akainunua kwa hela ya boom ili nayo imrudishie chochote. Keshokutwa ana kazi na kamera imegoma. Mteja wake ni mzazi aliyesafiri siku nzima kwa basi kuja kumwona mwanawe amevaa joho. Siku hiyo haina marudio.

Mimi nasoma ualimu, si uhandisi wala uandishi wa habari. Lakini huu ni mwaka wa pili napiga picha za matukio hapa chuoni, na wenzangu wamezoea kuniletea kamera zao "mbovu" niziangalie. Nilichokiona ni kwamba nyingi kati ya hizo ni nzima kabisa. Kuna swichi imeguswa ndani ya begi, au kuna sehemu imechafuka, au kamera imeamriwa ifanye jambo fulani nayo inatii. Ndiyo maana nimeandika somo hili. Nitazungumzia kamera za DSLR, zile zenye kioo ndani, hasa Canon na Nikon za bei ya chini, maana ndizo zilizojaa mikononi mwetu.

Picha nayo huonyesha njia

Wote tumepita kwenye hesabu za sekondari. Mwalimu alikuwa anasema, "Onyesha njia." Hakuwa anatusumbua. Jibu likiwa na kosa, njia ndiyo inayomwambia mwanafunzi amepotea hatua ya ngapi. Mwalimu anayeweka alama ya kosa na kupita bila kusoma njia hajasaidia mtu.

Picha mbaya nayo ina njia yake. Kila unapopiga, kamera huandika ndani ya faili kasi ya shata, apecha, ISO, urefu wa lenzi na mtindo wa upigaji uliokuwa umeuchagua. Kwa hiyo sheria ya kwanza kabisa: picha ikiharibika, usiifute kwa hasira. Ifungue kwenye skrini ya kamera. Kwenye Canon bonyeza kitufe cha Info au Disp. Kwenye Nikon nyingi ndogo bonyeza mshale wa juu au wa chini. Utaona namba zote. Hiyo ndiyo njia. Isome.

Ili uielewe, jua kwanza mambo yanavyokwenda ndani. Mwanga huingia kupitia lenzi, hugonga kioo kilichoinama nyuzi 45, hupanda juu, kisha hufika kwenye kidirisha unachochungulia. Ukibonyeza kitufe, kioo hunyanyuka, shata iliyo nyuma yake hufunguka, na mwanga huifikia sensa. Ule mlio wa "kacha" unaousikia ni kioo na shata vikifanya kazi.

Wingi wa mwanga kwenye picha unategemea vitu vitatu. Apecha ni ukubwa wa tundu la lenzi, na namba zake zinakwenda kinyume: f/3.5 ni tundu kubwa, f/22 ni tundu dogo. Shata ni muda ambao sensa inapokea mwanga. ISO ni kiasi ambacho kamera inauongezea nguvu ule mwanga iliopokea; ukiipandisha sana picha inakuwa na chengachenga. Ukivishika hivi vitatu, nusu ya matatizo utayatatua umekaa.

Kanuni tatu za kutafuta tatizo

Kwanza, anza na kitu cha bure na cha haraka. Betri, kadi, swichi. Usirukie "shata imekufa" wakati hujaangalia kama betri ina chaji.

Pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu. Ukibadilisha lenzi, kadi na mipangilio kwa mkupuo, kamera ikipona hutajua kilichoiponya, na kesho itakusumbua tena. Hii ndiyo kanuni inayovunjwa zaidi, kwa sababu mtu akiwa na hofu anabonyeza kila kitu.

Tatu, badilishana na mwenzako. Kama naye ana kamera ya kampuni ileile, chukua lenzi yake uweke kwenye kamera yako. Tatizo likiondoka, lilikuwa kwenye lenzi. Likibaki, lipo kwenye kamera. Fanya hivyohivyo kwa kadi, na kwa betri kama ni ya aina moja. Lenzi ya Nikon haikai kwenye Canon, usilazimishe.

Sasa twende tatizo moja baada ya jingine.

Kamera haiwaki

Angalia taa ya chaja. Kwenye chaja nyingi za Canon ndogo, taa ya rangi ya machungwa ina maana bado inachaji, na kijani ina maana betri imejaa. Kwenye Nikon nyingi taa inawaka na kuzima ikiwa inachaji, kisha inatulia ikijaa. Taa isipowaka kabisa, badilisha soketi kwanza. Soketi zetu za hosteli tunazijua.

Halafu toa betri uangalie vile vibati vyake vya shaba. Vikiwa na uchafu, vifute kwa kitambaa laini kikavu. Hakikisha betri ni ya kamera hiyo. Canon 1200D, 1300D na 2000D zinatumia LP-E10. Nikon D3200 mpaka D3500 zinatumia familia ya EN-EL14. Betri zisizo za kampuni yenyewe huwa za bei nafuu, lakini baadhi kamera inazikataa au inasoma chaji yake vibaya: inakuonyesha imejaa, baada ya picha thelathini inazima.

Angalia pia mfuniko wa betri na kadi. Canon nyingi ndogo haziwaki kama mfuniko haujafungwa mpaka ukalia. Na kama skrini imezima ukiwa katikati ya kazi, gusa kitufe cha kupigia kidogo tu. Huenda kamera ilikuwa imelala ili kutunza chaji.

Inawaka, lakini haipigi

Hapa ndipo watu wengi wanapoanza kumtafuta fundi. Unabonyeza, lenzi inakwenda mbele inarudi nyuma, halafu kimya. Mara nyingi kamera haijagoma. Inasubiri. Kwenye mpangilio wa fokasi wa One Shot kwa Canon, au AF-S kwa Nikon, kamera haipigi mpaka ipate fokasi. Jiulize kwa nini haiipati.

Huenda uko karibu mno. Lenzi ya kawaida ya 18-55 inahitaji umbali wa takribani sentimeta 25 kwenda juu. Ukisogelea pete ya mchumba kupita hapo, itatafuta mpaka ichoke.

Huenda umeielekeza mahali pasipo na tofauti ya rangi. Fokasi inahitaji mstari, ukingo, au maandishi. Joho jeusi tupu ni adui yake. Elekeza alama ya fokasi mahali joho linapokutana na kola nyeupe, au kwenye jicho, na utaona inashika mara moja.

Huenda swichi ya pembeni ya lenzi imehama kutoka AF kwenda MF. Swichi hiyo inaguswa kirahisi sana kamera ikiingizwa kwenye begi. Ikiwa kwenye MF kamera itapiga, ila picha zitatoka na ukungu mpaka uzungushe fokasi kwa mkono.

Wenye Nikon za D3000 na D5000, pamoja na ndugu zake kama D3200 na D5300, mjue kwamba miili yake haina mota ya fokasi. Lenzi za zamani za AF-D, kama ile 50mm f/1.8D, zitapiga picha lakini hazitafokasi zenyewe. Muuzaji wa mkono wa pili si lazima akuambie hilo. Unapokagua lenzi, tafuta maandishi AF-S. Na kama ni lenzi yenye pete ya apecha, kamera ikakuandikia FEE, zungusha pete hadi namba kubwa kabisa uifunge hapo.

Mwisho, angalia kama umeweka kipima muda. Kamera inayosubiri sekunde kumi kabla ya kupiga inaweza kumtoa mtu jasho bure.

Kamera imeandika Err

Neno Err linatisha, lakini ni kamera inakueleza inapoumwa. Kwenye Canon, Err 01 ina maana mawasiliano kati ya kamera na lenzi yana shida. Err 02 ina maana kadi haisomeki. Err 04 ina maana kadi imejaa. Err 05 ina maana flashi ya ndani imeshindwa kunyanyuka. Angalia kama kuna kitu kimeizuia. Err 99 na nyingine kadhaa ni za jumla: kuna kitu kimezuia picha, ila kamera haisemi ni kipi.

Utaratibu ni mmoja. Zima kamera. Toa betri, subiri dakika moja. Vua lenzi. Utaona vidoa vya dhahabu kwenye lenzi na vingine kwenye mdomo wa kamera. Hapo ndipo vinapoongea. Vifute polepole kwa kitambaa laini, kikavu na kisafi, huku mdomo wa kamera ukitazama chini ili vumbi lisiingie ndani. Rudisha lenzi mpaka usikie imekaa. Rudisha betri, washa.

Mwenzangu mmoja wa mwaka wa pili alikuwa ameambiwa na fundi kwamba lenzi yake imekufa, anunue nyingine. Alikuwa ameshaanza kukopa. Tulifuta vidoa vile, Err 01 ikaondoka, na lenzi hiyo bado anaitumia. Sisemi kila Err itaondoka hivyo. Nasema dakika tano za kufuta zitangulie mkopo.

Shida za kadi

Kamera ikikuambia kadi imefungwa, toa kadi uangalie ubavuni. Kadi za SD zina kijiswichi kidogo. Kikiwa upande ulioandikwa Lock, kamera inasoma tu, haiandiki. Kisukume juu.

Hatari kubwa zaidi ni ile isiyotoa onyo la maana. Kamera nyingi zina kipengele kwenye menyu kinachoruhusu kupiga bila kadi. Kikiwa kimewashwa, unaweza kupiga sherehe nzima, picha zikatokea kwenye skrini moja moja, na mwisho hakuna kitu. Fungua menyu leo, kitafute hicho kipengele, kizime. Kamera isiyo na kadi igome hapohapo. Ni afadhali mgomo wa asubuhi kuliko majuto ya jioni.

Picha zikifutika kwa bahati mbaya, au kadi ikifomatiwa kabla hujahamisha, simama papo hapo. Usipige hata picha moja zaidi kwenye kadi hiyo. Kufuta na kufomati kwa kawaida kunaondoa orodha tu. Picha zenyewe zinabaki mpaka nyingine ziandikwe juu yake. Itoe kadi, nenda kwenye kompyuta, tumia programu ya kurudisha mafaili kama PhotoRec, ambayo ni ya bure. Zinazorudi zihifadhi kwenye kompyuta, si kwenye kadi ileile.

Na kama umenunua kadi kubwa kwa bei ya kutupa, ijaribu kabla ya kuiamini. Kuna kadi bandia zinazojitangaza kuwa na GB 64 huku ndani zina GB chache tu. Zikijaa, picha mpya zinaharibika kimyakimya. Programu ya bure ya H2testw inaijaza kadi kisha inakuambia ukweli wake. Itumie kwenye kadi tupu.

Picha ni za giza, au zimeungua

Soma njia. Je, ulikuwa kwenye M? Basi kamera imefuata namba zako tu. Mtu aliyeazima kamera jana akapiga juani kwa shata ya 1/1000, wewe leo ukaingia nayo ukumbini bila kubadilisha, lazima upate giza. Ukitumia M, angalia kipimo kidogo kilicho chini ya kidirisha: mshale ukiwa upande wa kutoa, mwanga hautoshi, ukiwa upande wa kuongeza, umezidi.

Kama hukuwa kwenye M, tafuta alama ya jumlisha na toa. Hiyo ni fidia ya mwanga. Aliyetangulia akiiacha kwenye −2, kila picha yako itakuwa na giza hata ukiwa uwanjani saa saba mchana. Irudishe sifuri.

Zote zikiwa sawa, tatizo linaweza kuwa namna kamera inavyopima mwanga. Kamera haijui kama inatazama mtu. Inadhani kila kinachoonekana kwa wastani kina kijivu cha kati. Ukimpiga mtu amesimama mbele ya anga nyeupe au dirisha, kamera inaona mwanga mwingi, inapunguza, na uso unakuwa mweusi tii. Ongeza fidia hadi +1 au zaidi, au nyanyua flashi hata kama ni mchana, au mgeuze mtu wako. Kinyume chake, wahitimu ishirini waliojipanga na majoho meusi wanaifanya kamera idhani ni giza, inaongeza, na nyuso na kola zinaungua. Hapo shusha fidia hadi −1 kisha angalia. Wala si ubovu. Ni kipimo kinachohitaji mtu wa kukisahihisha.

Picha hazina makali

Kabla ya kuilaumu lenzi, tofautisha ukungu wa aina tatu.

Kama kila kitu kwenye picha kimevutwa upande mmoja, mkono wako umetikisika. Kanuni ya kukumbuka: kasi ya shata isipungue moja chini ya urefu wa lenzi, na kwa kamera zetu zenye sensa ndogo, zidisha urefu huo kwa 1.5 au 1.6. Ukiwa umevuta mpaka 55mm, usishuke chini ya 1/80 au 1/100. Pandisha ISO kama mwanga ni mdogo. Chengachenga kidogo zinavumilika kuliko picha iliyotikisika.

Kama nyuma kumetulia lakini watu wamevutika, wao ndio waliotembea. Mtu anayerusha kofia anahitaji 1/500 kwenda juu.

Kama sikio lina makali na jicho halina, au ukuta wa nyuma ndio uliotoka vizuri, fokasi imekwenda pasipotakiwa. Ukiiachia kamera ichague alama yenyewe, mara nyingi inachagua kitu kilicho karibu zaidi. Chagua mwenyewe alama ya katikati, iweke kwenye jicho, bonyeza nusu, panga picha yako, kisha maliza.

Kuna na jambo jingine: picha zinatoka safi ila ukichungulia unaona ukungu. Hapo picha hazina shida. Pembeni ya kidirisha kuna kigurudumu kidogo cha kurekebisha kulingana na macho ya mtumiaji. Mwenye miwani akiazima kamera akakizungusha, wewe utadhani lenzi imeoza. Kizungushe ukitazama maandishi yaliyo ndani ya kidirisha mpaka yasomeke.

Mistari, kivuli na rangi za ajabu

Umepiga ukumbini, picha ina mistari ya giza na njano, na kila picha ina mistari tofauti. Chanzo ni taa. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, hivyo taa nyingi za mirija na baadhi ya za LED zinapungua na kuongezeka mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, lakini shata ya kasi inaona. Shusha shata hadi 1/100 au 1/50, mistari itapungua au kwisha.

Umetumia flashi ya nje, sehemu ya picha imekuwa nyeusi kama imefunikwa na pazia. Ni pazia kweli: shata ilikuwa imeshaanza kujifunga flashi ilipowaka. Kamera zetu nyingi zinataka 1/200 au chini yake kwa flashi. Flashi ya bei nafuu isiyowasiliana na kamera haitakuzuia kuvuka hapo, jizuie mwenyewe.

Umetumia flashi ya ndani, chini ya picha kuna kivuli cha nusu duara. Toa kile kikofia cha mbele ya lenzi.

Watu wote wamekuwa wa njano au wa bluu: angalia mpangilio wa rangi, ule wenye picha ya jua, wingu na balbu. Aliyetangulia ameuacha kwenye balbu wewe uko juani. Rudisha kwenye otomatiki.

Vidoa, mvuke na ukungu wa Pwani

Kidoa kinachojitokeza mahali palepale kwenye kila picha, hasa angani, ni vumbi kwenye sensa. Kipime: weka apecha f/22, piga picha ya karatasi nyeupe au anga. Badilisha lenzi, piga tena. Kidoa kikibaki palepale, kiko kwenye sensa. Tumia kwanza usafishaji ulio kwenye menyu, kisha ile pampu ya mpira ya kupulizia. Usipulize kwa mdomo, maana unatema mate. Usitumie kopo la hewa ya kusafishia kompyuta, na usiguse sensa wala kioo kwa kidole.

Wanaosoma Dar, Tanga, Zanzibar au Mombasa wana adui wa ziada, unyevu. Ukitoka kwenye maabara yenye kiyoyozi kikali ukaingia nje, lenzi inafunga mvuke hapohapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto taratibu, usiifute futa. Na lenzi ikikaa miezi kwenye kabati lenye giza na unyevu, kuvu huota ndani ya vioo kama utando wa buibui. Ihifadhi kwenye kopo la plastiki linalofunga vizuri, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Na itumie. Kamera inayopigwa kila wiki haipati kuvu kirahisi kama iliyofichwa.

Sasa mtafute fundi

Yapo ya fundi. Kamera iliyoanguka ikawa inalia ndani, iliyoingia maji ya chumvi, yenye mchanga unaokwaruza lenzi ikizunguka, yenye kioo kilichokwama juu, yenye mapazia ya shata yaliyokunjika, na kuvu iliyosambaa. Iliyoingia maji izime, toa betri, usijaribu kuiwasha "uone kama inafanya kazi". Na usifungue mwili wa kamera kwa bisibisi ya mtaani. Flashi ina sehemu inayotunza umeme wa volti mia kadhaa hata betri ikiwa imetoka, na inaweza kukupiga vibaya.

Ila nenda kwa fundi na njia yako mkononi. Mwambie: "Nimebadilisha betri na kadi, nimejaribu lenzi nyingine, Err bado ipo, ilianza baada ya kuanguka." Fundi mzuri atakushukuru kwa kumpunguzia kazi, na yule anayebahatisha atajua kwamba huuziwi mbuzi kwenye gunia.

Zoezi

Somo lisilo na zoezi ni hotuba. Kwa hiyo fanyeni hivi wawiliwawili. Mmoja achukue kamera, avuruge mambo matatu bila kumwambia mwenzake: fidia ya mwanga, swichi ya lenzi, mpangilio wa rangi, kufuli la kadi, kigurudumu cha macho, chochote. Mwingine apige picha moja, asome namba zake, ayataje yote matatu ndani ya dakika tano. Kisha mbadilishane. Mkifanya mara nne au tano, vidole vitajua njia vyenyewe.

Usiku wa kuamkia mahafali, chaji betri mbili, hamisha picha za zamani kisha fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, rudisha fidia sifuri, hakikisha lenzi iko AF, piga picha tatu za majaribio uzione. Ni kazi ya robo saa.

Nina sababu moja zaidi ya kuandika haya. Kwenye klabu zetu, kamera ikishaitwa mbovu inaingia kabatini, na haitoki. Anayekuja mwaka wa kwanza akiwa na hamu ya kujifunza anaambiwa hakuna vifaa. Kama klabu yenu ina kabati la namna hiyo, ombeni ufunguo wiki hii. Anzeni na betri.